Karibu kwenye Elimu ya Waliopotea: Utangulizi kwa Msomaji wa Tseikuru

Mtu akipotea Tseikuru, upelelezi huanza kabla gari la polisi halijawashwa. Huanza penye foleni ya mitungi kwenye visima vya mchangani, penye stendi ya bodaboda, penye soko la mbuzi, na kufikia jioni dhana zimekuwa nne au tano, kila moja na mtetezi wake. Huyu anasema mamba wa Tana. Yule anasema wezi wa mifugo. Wa tatu anakumbuka deni ambalo halikulipwa. Wa nne ana hakika kijana amekwenda zake Nairobi na atapiga simu mwezi ujao. Wa tano hasemi kitu kwa sauti, ila anamtazama jirani fulani. Hakuna kati yao aliyesomea upelelezi, na wote wanapeleleza.

Mazungumzo hayo ndiyo somo letu. Wanahistoria, wanaanthropolojia, wahakiki wa fasihi, wanasheria na madaktari wa maiti wamekuwa wakiyafuatilia kwa miongo kadhaa, na Kenya ni mojawapo ya nchi ambako kazi hiyo imefanywa kwa kina sana. Namkaribisha msomaji wa Tseikuru kwanza kabisa, kwa kuwa nusu ya ujuzi unaotakiwa tayari anao. Jambo moja ningependa alishike tangu hapa, kwani mengine yote yanalitegemea: kila dhana inashuhudia kitu, lakini si kila dhana inashuhudia tukio lenyewe. Zipo zinazotuambia kilichompata aliyepotea. Zipo zinazotuambia wasemaji wanaogopa nini, wanamwamini nani, na ni ofisi gani imewahi kuwafungia mlango. Aina zote mbili zina thamani. Kuzichanganya ndiko kunakoleta maafa, na katika Ukambani wenyewe kumewahi kuleta maafa ambayo nitayaeleza bila kuyapunguza.

Tseikuru iko kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, mbele ya Mwingi na Kyuso, katika nchi kame inayoteremka kuelekea Mto Tana. Ng'ambo ya mto ni Tharaka, na mashariki kuna pori la Kora. Mito midogo hukaa mchanga mtupu kwa miezi, halafu mvua ikinyesha mbali hufurika kwa ghafla na kumchukua aliyedhani anavuka pakavu. Anayeishi hapa hujifunza kusoma ardhi angali mtoto. Anaujua unyayo wa mbuzi wake kati ya nyayo za mbuzi wa wenzake, na anajua kwato za jana zilivyo tofauti na za asubuhi hii. Chuo kikuu ujuzi huo hufundishwa kwa shida, na hapa watoto wanaupata machungani.

Nasema haya kwa kuwa historia ya Kenya inayathibitisha. Tarehe 2 Machi 1975 Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho kwenye hoteli ya Hilton jijini Nairobi. Siku iliyofuata mchungaji wa Kimaasai aliukuta mwili wake kwenye vilima vya Ngong. Mjini, wakati huohuo, watu walijadili yuko wapi, na gazeti kubwa likaandika kwamba yuko Zambia. Familia iliutambua mwili mochari tarehe 11 Machi. Kwa siku zote hizo taifa lilikuwa na dhana nyingi, na mtu aliyekuwa na ukweli alikuwa na fimbo na ng'ombe. Miaka 15 baadaye, Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulikutwa umeungua chini ya kilima cha Got Alila, na kijana mchungaji alikuwa ameuona mapema lakini hakukimbilia polisi. Novemba 2021 wafungwa watatu waliotoroka gereza la Kamiti walikamatwa siku tatu baadaye huku Kitui, eneo la Malalani, baada ya wanakijiji kuwatambua kuwa wageni waliochoka na wasiojua njia. Wapelelezi wa Nairobi walikuwa wametangaza zawadi ya mamilioni ya shilingi, na kilichowafikia kilikuwa jicho la mwenyeji.

Kesi inayofundisha kuliko zote, hata hivyo, inatoka Maasai Mara, na lazima tukae nayo.

Julie Ward alikuwa Mwingereza wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyama. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1988, na Septemba alikuwa Mara pamoja na mwenzake, Mwaustralia, katika gari dogo aina ya Suzuki. Gari likaharibika. Mwenzake akarudi Nairobi kwa ndege, naye akabaki kulisubiri. Tarehe 6 Septemba, gari likiwa limetengenezwa, aliondoka hoteli ya Mara Serena kwenda kambi ya Sand River kuchukua mahema yao. Hakuonekana tena akiwa hai. Baba yake, John Ward, mwenye hoteli kutoka mji wa Bury St Edmunds, alipanda ndege hadi Kenya, akakodi marubani, na tarehe 13 Septemba msako huo ukafika mwisho wake wa kwanza: gari lilionekana limekwama korongoni, na kilomita kadhaa kutoka hapo, kando ya majivu ya moto, kulikuwa na taya na sehemu ya mguu.

Dhana ya kwanza rasmi ilikuwa wanyama. Simba au fisi wamemla, jambo la kusikitisha, faili ifungwe. Zikafuata nyingine: huenda amejiua, huenda ni radi. Hebu mwanafunzi wetu aitazame dhana ya simba kwa macho ya mchungaji wa Tseikuru. Mnyama anapotafuna mfupa huanza na ncha laini, huacha vishimo vya meno na mikwaruzo isiyo na mpangilio. Panga au shoka huacha mkato ulionyooka wenye kingo safi. Daktari wa kwanza aliyeuchunguza mguu ule jijini Nairobi aliandika kwamba ulikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti yake ikabadilishwa na mkubwa wake kabla haijatolewa, ili isomeke kana kwamba mfupa ulivunjika na kutafunwa. Baba aligundua mabadiliko hayo, akapeleka mabaki kwa wataalamu wa Uingereza, na mkato ukathibitishwa. Tena palikuwa na majivu. Simba hawashi moto.

Tuangalie alichofanya mtu huyu asiye na kibali cha upelelezi. Alipanga saa: aliondoka hotelini saa ngapi, mwendo ni wa muda gani, petroli iliyobaki inamfikisha wapi. Alichunguza saini ya kutoka kwenye daftari la lango la Sand River, akashuku kwamba iliandikwa na mkono mwingine. Alihifadhi karatasi. Alirudi Kenya zaidi ya mara 100 katika miaka iliyofuata. Mwaka 1989 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho aliamua kwamba Julie aliuawa. Mwaka 1991 Ward alichapa kitabu chake, The Animals Are Innocent, na jina lake linatosha kueleza ushindi wa hatua ile: wanyama hawakuwa na hatia.

Lakini baada ya hapo mambo yalikuwa magumu. Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa na kuachiliwa huru mwaka 1992. Mwaka 1999 aliyekuwa mkuu wa walinzi aliachiliwa pia. Mwaka 2004 uchunguzi wa kifo uliofanywa Uingereza ulirudia kusema kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Hakuna aliyetiwa hatiani mpaka leo. Katika nafasi hiyo tupu zikastawi dhana zilizogusa watu wakubwa, nyingine zikiletwa na mashahidi waliojitokeza miaka mingi baadaye, na nyingi bado zinasimuliwa kama mambo yaliyothibitishwa.

Hukumu yangu ni hii. Ward alifaulu kabisa katika kazi moja na hakufaulu katika ya pili, na tofauti kati ya kazi hizo ndiyo msingi wa elimu hii. Kuvunja dhana ya uongo kunahitaji kitu kimoja tu kisichopatana nayo: mkato mmoja ulionyooka kwenye mfupa. Kuthibitisha nani alifanya kunahitaji mnyororo mzima, kutoka mtu hadi mahali, hadi saa, hadi kifaa, na pete moja ikikosekana mahakama haina budi kumwachilia mshtakiwa. Mpelelezi wa kujitolea ana uwezo mkubwa katika kazi ya kwanza. Katika ya pili uwezo wake ni mdogo na hatari yake ni kubwa, kwa kuwa jina la mtu likishatajwa halirudi kinywani. Mahakama ilipowaachilia watu wale, walistahili kuhesabiwa hivyo na sisi wote, na ndiyo sababu sijawataja.

Mtu wa Tseikuru anaweza kuona Mara ni mbali. Basi akumbuke jirani yake wa porini. George Adamson, mlezi wa simba, aliweka kambi yake Kora tangu mwaka 1970, akauawa huko na majambazi tarehe 20 Agosti 1989. Mkewe, Joy, alikuwa amekufa tarehe 3 Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, Isiolo, na habari zilizosambaa kwanza duniani zilisema ameuawa na simba. Majeraha yalionyesha silaha ya mtu, na mwaka 1981 mfanyakazi wake wa zamani alihukumiwa. Mara mbili, basi, katika muda wa miaka isiyozidi 10, mnyama alisingiziwa katika mbuga za Kenya. Dhana ya mnyama huja haraka kwa sababu haimshtaki mtu yeyote. Haiitishi polisi, haiharibu biashara ya utalii, haigawanyi ukoo. Kila mara dhana inapomfaa kila mtu isipokuwa marehemu, mwanafunzi aichunguze mara mbili.

Sasa tuje kwa wasomi, maana ningependa msomaji ajue ana walimu. Grace Musila, msomi Mkenya wa fasihi, alichapa mwaka 2015 kitabu kizima juu ya kifo cha Julie Ward, A Death Retold in Truth and Rumour. Musila hakuja kumtafuta muuaji. Alikusanya masimulizi yote, ya polisi, ya baba, ya mahakama, ya waandishi wa riwaya na ya barabarani, akayauliza yanafanya kazi gani. Anaonyesha kwamba uvumi wa Wakenya kuhusu kesi ile ulijengwa juu ya uzoefu. Watu waliokwisha kuona vifo vya akina J. M. Kariuki na Ouko vikizungushwa walikuwa na sababu nzuri ya kutoamini taarifa rasmi, na uvumi wao ulikuwa namna ya kusema hivyo pale ambapo kusema waziwazi kulikuwa hatari. Anaonyesha pia kwamba mtu wa nje, hata mwenye moyo na akili kama Ward, anaweza kupita kando ya ujuzi huo kwa sababu anatafuta hati peke yake.

Kabla yake, mwaka 2000, mwanahistoria Mmarekani Luise White alichapa kitabu kuhusu masimulizi ambayo wazee wetu wanayajua vizuri: wazimamoto na mumiani, watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu enzi za ukoloni. White alisikiliza simulizi hizo Kenya, Uganda na kwingineko, na hakuzicheka. Hazithibitishi kwamba damu ilitolewa. Zinathibitisha kwamba watu walipotea katika miji ile, na kwamba serikali iliyokuwa na magari, sare na majengo yasiyoingilika ilionekana kwa raia wake kama kitu kinachokula watu. Mwanafunzi anayetupa simulizi hizo kapuni anatupa ushahidi mkubwa, ila ni ushahidi juu ya ukoloni.

Mwaka 2004 David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, mwanahistoria Mkenya, walitoa The Risks of Knowledge, juu ya Ouko. Naona ndicho kitabu bora kabisa cha kuanzia. Serikali ya Rais Moi ilimwita mpelelezi wa Scotland Yard, John Troon. Ikaunda tume chini ya Jaji Evans Gicheru, halafu mwaka 1991 ikaivunja kabla haijamaliza. Mkuu wa wilaya mmoja akashtakiwa na kuachiliwa mwaka 1994. Kamati ya Bunge ikaanza tena baada ya Moi kuondoka madarakani. Dhana zilikuwa kadhaa: mradi wa kiwanda cha molasi Kisumu, safari ya Washington ya mwanzoni mwa mwaka 1990, ugomvi wa siasa za nyumbani, na hata kujiua, jambo ambalo tundu la risasi kichwani na mwili uliochomwa vililifanya kuwa gumu kuaminika. Cohen na Atieno Odhiambo wanatufundisha kuuliza swali lililo nyuma ya dhana zote: kujua kulimgharimu nani? Yule kijana mchungaji alijua. Alijua pia kwamba anayejua anaweza kuulizwa amejuaje. Ukimya wake una maana sawa na maneno ya mashahidi wengine, na yeyote anayepeleleza Tseikuru atakutana na ukimya wa namna hiyo mapema sana.

Nimeahidi kueleza maafa. Wakamba walikuwa na desturi ya king'ole, ambapo wazee na jamii walikubaliana kumwua mtu aliyeonekana kuwa hatari isiyovumilika kwao. Katika wilaya ya Machakos mwaka 1931 mke wa mtu mmoja aliugua ugonjwa usioeleweka, dhana ikaundwa kwamba amerogwa, jina la mwanamke fulani likatajwa, akapigwa hadi kufa. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwafikisha watu 70 mbele yake na kuwahukumu kifo 60 kati yao, hukumu ambayo baadaye ilipunguzwa. Katherine Luongo ameifafanua kesi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu uchawi na utawala wa kikoloni nchini Kenya. Wengi huisoma kama mgongano wa sheria mbili, na ni kweli. Mimi naomba isomwe pia kama habari ya dhana iliyokosa mtu wa kuipinga. Waliokusanyika siku ile walikuwa wengi, na hatujui hata mmoja aliyesimama akauliza: tutajuaje kama tumekosea?

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali ninayoipenda, na katika kazi hii ni ya kuogopwa. Lisemwalo sana kuhusu jirani anayetazamwa vibaya huja kweli: huja kwa mawe na moto, hata kama hakufanya lolote.

Basi tufanye zoezi. Tuseme mchungaji amepotea na mbuzi wake upande wa Tana. Dhana ya mamba: mamba humkamata mtu majini au ukingoni, kwa hiyo tutafute mahali pa kunyweshea, mburuzo kwenye tope, kiatu, fimbo. Mbuzi nao, wakikosa mwenyewe, huelekea nyumbani. Je, wamerudi? Dhana ya wezi wa mifugo: wezi hawaachi mifugo, kwa hiyo mbuzi wakirudi wote dhana hii inadhoofika sana, na wakikosekana wote, nyayo zao zinaelekea upande mmoja zikiwa zimebanana. Dhana ya mafuriko: je, kulinyesha juu, na mchanga wa mto umesogea? Dhana ya kwenda mjini: simu yake ilizimwa lini, kuna dereva aliyemchukua, alichukua kitambulisho? Rekodi za simu na za M-Pesa si za kuombwa kwa rafiki anayefanya kazi kwenye kampuni. Ni polisi wanaozipata kwa kibali cha mahakama, na familia ina haki ya kuwauliza kama wameziomba. Dhana ya deni: nani anadai, na siku hiyo alikuwa wapi? Hapa tunasimama, tunaandika tulichosikia na tulisikia kwa nani, tunampelekea afisa, na jina halitajwi barazani.

Kila dhana katika zoezi hilo imeambiwa mapema nini kitaiangusha. Isiyoweza kuangushwa na chochote, kama ile ya uchawi au ile ya wakubwa wanaojua kila kitu na kuficha kila kitu, haimsaidii mtafutaji hata ikiwa tamu. Tuiandike, tuihifadhi kwa ajili ya wanahistoria, na tusiitumie kuelekeza msako.

Hata ushahidi unaoshikika kwa mkono unataka uangalifu. Mwaka 1934 msafara wa kisayansi ulioongozwa na Vivian Fuchs ulipeleka watu wawili, Martin na Dyson, kwenye Kisiwa cha Kusini katika Ziwa Rudolf, yaani Turkana. Hawakurudi, na hawakuonekana tena. Baadaye vitu vichache vyao vilipatikana kwenye ufuko wa magharibi. Baadhi ya watu wamesema kwamba hilo linaonyesha walikuwa njiani kuelekea huko. Lakini ziwa lile lina upepo mkali wa kusini-mashariki unaosukuma kila kinachoelea kuelekea magharibi na kaskazini, kwa hiyo vitu vile vinatuambia habari za upepo kabla ya kutuambia nia ya watu. Anayejua mikondo ya Tana anaelewa haraka kwa nini kofia iliyokutwa mahali fulani haikuvuliwa mahali hapo.

Sehemu moja ya elimu hii haihusu dhana kabisa, nayo ni familia. Mwanazuoni Mmarekani Pauline Boss, katika kitabu chake cha mwaka 1999, Ambiguous Loss, alieleza msiba wa mtu ambaye hayupo na hajafa: matanga hayawezi kuwekwa, kitanda hakiwezi kuondolewa, mke hajui kama ni mjane. Kila dhana mpya inayofika mlangoni kwa familia hiyo huwafufulia mtu wao au kuwaulia upya. Anayetaka kuwapelekea dhana awe na sababu nzito. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu kudhaniwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake kama angekuwa hai, na dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Mambo ya shamba na urithi husubiri hapo. Ndiyo maana tarehe ya kupotea iliyoandikwa vizuri siku ya kwanza ina uzito ambao familia nyingi huugundua wakiwa wamechelewa.

Ni nani, basi, anayeweza kufanya kazi hii? Mwaka 1984 Mmarekani Clyde Snow, bingwa wa mifupa, alifika Buenos Aires kusaidia kuwatafuta waliopotezwa na utawala wa kijeshi wa Argentina. Wataalamu wenye vyeo walisita. Waliojitokeza walikuwa wanafunzi wa akiolojia, anthropolojia na udaktari, vijana ambao hawakuwahi kufukua maiti. Akawafundisha kufukua polepole, kupiga picha, kuandika kila kitu, kusikiliza akina mama. Kundi hilo likawa timu ya Argentina ya anthropolojia ya uchunguzi, ambayo imeitwa kufanya kazi katika nchi nyingi duniani. Walianza wakiwa wanagenzi. Kilichowatofautisha na umati ni kwamba walikubali kusema "hatujui bado" mbele ya watu waliotamani jibu. Kenya inahitaji vijana wa namna hiyo. Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na familia zilikaa miezi mingi zikisubiri vipimo vya DNA viwarudishie majina.

Msomaji wangu wa Tseikuru, ukiingia kwenye elimu hii, ingia na daftari. Mtu akipotea leo, nenda kituo cha polisi leo, usisubiri saa 24 wala 48, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Mjulishe chifu. Andika mavazi, simu, mahali na saa aliyoonekana mara ya mwisho, na jina la kila aliyekuambia, pamoja na kama aliona kwa macho yake au alisikia. Usiokote kitu ulichokikuta porini. Kipige picha, weka alama, ita polisi, na kaa hapo usiku kucha ikibidi ili mwingine asikiguse. Wachungaji waulizwe kwanza, waulizwe kwa upole, na majina yao yalindwe. Kama katika ukoo wako kuna aliyepotea zamani, awe alikwenda Mombasa wakati wa vita, au pwani kutafuta kazi, au Ghuba juzijuzi, keti na waliobaki uandike wanayokumbuka wangali hai, dhana zao zote, hata zinazopingana. Fanya nakala mbili, moja ibaki nyumbani, nyingine uipeleke penye maktaba au chuo kinachoweza kuitunza.